Kolembola, Mfagiaji wa Bustani ya Chupa

Hebu nenda nyuma ya jikoni kwenu asubuhi wakati umande bado haujakauka. Inua jiwe, au gome la mti lililooza, au ile ndoo kuukuu iliyoachwa hapo tangu mvua za masika. Usishughulike na jongoo wala mnyoo; hao wanajulikana. Inama, ngoja macho yazoee, ndipo utaona vidoa vyeupe visivyozidi ncha ya kalamu vikitembea juu ya udongo. Gusa kimoja kwa unyasi. Kumbe! Hakipo tena. Kimeruka, na hukuona kimerukaje.

Huyo ndiye kolembola. Tunaishi naye kila siku lakini Kiswahili hakijampa jina linalojulikana na wengi. Katika kikao kimoja cha chama chetu tulijadili jambo hili mpaka kengele ya kwenda nyumbani ikalia. Mmoja alisema tumwite kiroboto cha udongo. Nilimpinga, kwani kiroboto hufyonza damu na huyu hana hatia hiyo. Mwingine akaja na fyatumkia, kwa sababu mkia wake hufyatuka kama mtego wa ndege. Jina hili lilipata kura nyingi, nami nalipenda, lakini kwa vile bado ni jina la darasa moja tu, katika makala haya nitatumia lile la wataalamu. Aliyelibuni ni Mwingereza John Lubbock, jirani yake Charles Darwin, mtu ambaye kazi yake ya kila siku ilikuwa ni benki! Mwaka 1873 alitoa kitabu kikubwa kuhusu viumbe hawa. Jina lenyewe linatokana na maneno mawili ya Kigiriki yenye maana ya gundi na kigingi. Kigingi hicho ni kijibomba kilicho chini ya tumbo, ambacho kolembola hukitumia kunywa maji na kujishikilia mahali penye utelezi.

Ana miguu sita, kwa hivyo wengi wetu tungemtia katika kundi la wadudu bila kufikiri mara mbili. Wataalamu wa siku hizi wamemtoa humo. Taya zake zimefichwa ndani ya kichwa, hazionekani kwa nje kama za panzi. Tumbo lake lina pingili sita tu. Mabawa hana, na hata mababu zake hawakuwa nayo. Tena hawa ni watu wa kale sana. Huko Scotland, katika kijiji cha Rhynie, mabaki ya kolembola yamepatikana ndani ya mwamba wenye umri wa miaka milioni 400 hivi. Dinosau walikuja zaidi ya miaka milioni 150 baadaye, wakatamba, wakaangamia, na kolembola bado yuko chini ya ndoo yenu. Aina zilizokwisha kuandikwa duniani zapita 9,000.

Kuruka kwake ni jambo la kustaajabisha. Chini ya tumbo ana uma, mfano wa uma wa mezani wenye meno mawili. Uma huo hukunjwa kuelekea mbele na kushikwa na kidoano. Hatari ikija, kidoano huachilia, uma hupiga chini kwa nguvu, na mwenyewe hurushwa hewani. Mwaka 2024 watafiti wa Chuo Kikuu cha North Carolina State, Marekani, walichapisha picha za kasi za kolembola mmoja wa aina ile yenye mwili wa mviringo. Kiumbe wa milimita mbili hivi alipaa zaidi ya milimita 60, huku akijipindua kinyumenyume kwa kasi inayofikia mizunguko 368 kwa sekunde moja. Mimi nikifanya hesabu hiyo kwa kimo changu ningepaa karibu mita 50, na mwalimu wa michezo angenitafutia pasipoti siku hiyo hiyo.

Lakini sikuchukua kalamu kwa ajili ya kuruka. Niliandika kwa sababu kiumbe huyu ambaye kwetu ni wa bure, ng'ambo ni bidhaa. Kikombe kimoja cha kolembola weupe huuzwa Marekani kwa dola 10 hivi. Niliposikia hivyo mara ya kwanza nilidhani ni mzaha. Ili uelewe ni nani hununua na kwa nini, yafaa kwanza tuzungumze juu ya bustani ya chupa.

Mwaka 1829 daktari mmoja wa London, Nathaniel Ward, alimweka nondo ambaye bado yumo katika hali ya kulala ndani ya chupa yenye udongo wa unyevu, akaifunika. Nia yake ilikuwa kumwona akitoka. Kabla nondo hajatoka, daktari aliona kangaga na nyasi vimeota humo ndani. Hewa ya London wakati ule ilikuwa chafu kwa moshi wa makaa ya mawe, na kangaga alizopanda nje zilikuwa zikimfia. Ndani ya chupa zilistawi. Maji yalipanda kama mvuke, yakashika kwenye kioo, yakateremka tena udongoni, hivyo hivyo siku baada ya siku bila mtu kumwagilia. Kutokana na ugunduzi huo yalitengenezwa masanduku ya kioo yaliyobebwa melini, na ndani yake mimea ikavuka bahari ikiwa hai. Miche ya mpira iliyopelekwa Sri Lanka kutoka London mwaka 1876 ilisafiri katika masanduku kama hayo.

Siku hizi bustani hizo, ambazo wenyewe huziita terariamu, ni pambo la nyumbani huko Ulaya, Marekani na Japani. Wengine hutia mimea tu. Wengine hufuga humo vyura wadogo wenye rangi kali kutoka misitu ya Amerika ya Kati na ya Kusini, au mijusi kafiri. Hapo ndipo shida huanza. Palipo na joto, unyevu na majani yaliyokufa, ukungu hauna budi kuja. Unaota juu ya vijiti, unapanda kwenye mizizi, kisha kuna kinyesi cha chura nacho chataka mahali pa kwenda. Zamani mfugaji alitoa kila kitu, akaosha sanduku, akaanza upya. Baadaye watu wakaona heri kuiga msitu wenyewe: weka udongo wa kweli, majani makavu juu, halafu tia wafanyakazi. Wafanyakazi hao ni wa aina mbili. Kuna wale wa kijivu wa jamii ya kaa wa nchi kavu, ambao baadhi yao hujikunja kama mpira ukiwagusa. Na kuna kolembola.

Kazi ya kolembola ni kula ukungu. Hutafuna nyuzi zake na mbegu zake, hula vijani vilivyolainika na vijidudu vilivyomo, na kinyesi chake, ambacho ni chembe ndogo kuliko chumvi, hurudi kuwa chakula cha mimea. Zaidi ya hayo, watoto wa wale vyura huwala wao wenyewe, kwa hivyo mfagiaji ni kitoweo pia. Hata hivyo wauzaji humsifu kupita kiasi. Ukiwasikiliza utadhani kolembola atamaliza mzoga. La hasha! Kazi kubwa ya kuozesha hufanywa na kuvu na bakteria. Kolembola ni kama mbuzi katika uwanja wa shule: hakuotesha nyasi, lakini bila yeye zingetufika magotini.

Sasa tuje kwenye ufugaji, maana najua wapo watakaotaka kujaribu.

Kwanza kuwapata. Unaweza kuwachota mmoja mmoja kutoka kwa mboji ya nyumbani kwa kutumia ncha ya unyoya wa kuku uliolowa maji. Hunata humo bila kuumia. Ukitaka wengi tengeneza mtego. Kata chupa ya plastiki ya lita moja na nusu katikati. Geuza sehemu ya juu ili mdomo uangalie chini, uitumbukize ndani ya ile sehemu ya chini. Ndani ya shingo weka kipande cha chandarua kikuukuu, kisha jaza majani yaliyooza pamoja na udongo wake. Huko chini weka vipande viwili vya makaa vilivyoloweshwa. Halafu anika mtego wako kwenye jua la asubuhi, sehemu ya chini ikiwa imefunikwa kwa kitambaa ili iwe na giza na ubaridi. Udongo unapokauka kutoka juu, viumbe hukimbia kuelekea chini wakifuata unyevu, hatimaye huanguka juu ya makaa. Mbinu hii ni ya Mwitaliano Antonio Berlese, aliyeieleza mwaka 1905. Msweden Albert Tullgren akaongeza taa juu yake mwaka 1918. Taa ya wakati huo ilitoa joto. Balbu zetu za leo za kuokoa umeme hazitoi joto la maana, kwa hivyo jua ndilo mwalimu.

Hawataanguka kolembola peke yao. Utapata utitiri, buibui wadogo, pengine tandu mwenye hasira. Hao watoe mapema, hasa utitiri wa rangi ya kahawia wanaokimbia sana, kwa kuwa baadhi yao huwala kolembola na mayai yao. Kaa na uvumilivu wako, unyoya mkononi, hamisha weupe tu. Ishirini au thelathini wanatosha kabisa kuanzia.

Nyumba yao ni kopo la plastiki lenye kifuniko, likiwa la kuonyesha ndani ni bora. Chukua makaa ya kawaida ya jikoni, yasiwe yamemwagiwa mafuta ya taa, uyaponde mpaka yawe ya ukubwa wa maharagwe. Yaoshe vumbi. Yatie kwenye kopo mpaka nusu, kisha mimina maji ya mvua yafike kama theluthi moja ya kina cha makaa. Maji ya mfereji nayo yanafaa, lakini yaache wazi kwa siku moja kwanza ili dawa ipungue. Kwa nini makaa? Yana matundu mengi ya kujificha na kutagia, huvuta maji kutoka chini hadi juu, hayaozi, tena ni meusi. Kolembola mweupe juu ya makaa meusi utamhesabu kama nyota. Maabara za ng'ambo hupendelea kumwaga jasi iliyochanganywa na unga wa makaa ili kupata sakafu bapa yenye unyevu. Ni safi kweli, lakini jasi ni ya kununua, na makaa yako pale kwenye gunia.

Chakula ni hamira ile kavu ya kuoka mkate. Chembe tano au sita kwa wiki zinatosha kopo changa. Ukikosa hamira, punje mbili tatu za mchele ambao haujapikwa. Punje hufanya ukungu, nao huja kuula ukungu, ukawaona wamejipanga kuizunguka kama ng'ombe kwenye birika. Usiongeze kingine mpaka kile cha kwanza kiishe. Kopo lililoshiba kupita kiasi hunuka, na utitiri wa nafaka huja mbio.

Kolembola hupumua kupitia ngozi. Hapa ndipo siri yote ilipo. Ngozi ya namna hiyo lazima iwe na unyevu, na ndiyo sababu ukavu huua upesi kuliko njaa. Wiki mbili bila chakula watavumilia, lakini mchana mmoja wa jua kali bila maji hawauvumilii. Kwa hivyo kifuniko hakitobolewi matundu. Badala yake fungua kopo mara mbili kwa wiki, lipepee kwa kile kifuniko chenyewe, ili hewa nzito iliyotuama chini itoke, kisha funga. Joto linalowafaa ni kama nyuzi 18 hadi 25. Nyumba ya mabati saa nane mchana hupita hapo, kwa hivyo kopo langu hukaa chini ya kitanda, sakafuni. Na kwa kuwa sisimizi hupenda hamira, kopo lenyewe nimelisimamisha katikati ya sahani yenye maji.

Mama hakupendezwa na mpango huu. Aliniambia, "Wewe, hizo vitu zako zikiingia kwa unga yangu utanijua!" Nikamweleza kwamba kolembola akiingia kwenye unga atakauka na kufa kabla ya jioni, kwani unga ni mkavu, anayeharibu unga ni fukusi. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema liwe chini ya kitanda na lisionekane jikoni. Maafikiano ni hayo hadi leo.

Baada ya hapo ni kungoja. Mayai ni meupe, ya mviringo, hutagwa kwa mafungu ndani ya matundu ya makaa. Kwenye joto la nyuzi 20 huanguliwa kwa muda wa siku kumi hivi. Mtoto hutoka akifanana na mama yake isipokuwa udogo, na baada ya wiki tatu au nne naye huanza kutaga. Hubadilisha ngozi maisha yake yote, hata akiwa mzee, jambo ambalo wadudu wengi hawafanyi. Kuhusu uzazi wao kuna maajabu. Katika aina nyingi dume hatafuti mchumba. Huacha tone la mbegu juu ya kijiti chembamba ardhini, akaenda zake. Jike akipita huliokota. Na kuna aina nyingine, Folsomia candida, nyeupe na isiyo na macho, ambayo huwa ya majike matupu kwa sababu ya bakteria iitwayo Wolbachia iliyomo ndani ya miili yao. Jike mmoja wa aina hiyo akitupwa kwenye kopo peke yake anaweza kujaza kopo zima.

Kwa hiyo mwezi wa kwanza huoni kitu. Wenzangu wawili walikata tamaa wiki ya pili wakamwaga makaa yao jalalani, na pengine huko jalalani ndiko kuna kolembola wengi kuliko mahali pengine popote mtaani. Mwezi wa pili makaa huanza kuonekana kana kwamba yamenyunyiziwa unga, na ukipuliza kidogo unga huo hutembea.

Kuvuna ni rahisi kuliko yote. Ngozi ya kolembola ina vijinundu vidogo mno vinavyozuia maji kushika, hivyo hazami. Ongeza maji kwenye kopo mpaka makaa yafunikwe. Wataelea juu kama povu. Wamimine taratibu kwenye bustani yako ya chupa, kisha punguza maji yaliyobaki. Bustani yenyewe isikutishe. Kokoto chini kwa ajili ya kuchuja maji, kipande cha chandarua juu yake, udongo wenye mboji, kangaga ndogo na kuvu-mwani wa mawe, yaani zile nyasi laini za kijani zinazoota kwenye ukuta wenye maji, na juu ya yote majani makavu. Wiki ya kwanza na ya pili ukungu mweupe utaenea ukafanana na pamba. Usiogope wala usitoe kitu. Ya kwangu ilikuwa safi kabla ya wiki ya tano kwisha, na tangu hapo sijaimwagilia zaidi ya mara tatu.

Sasa nije kwa wale wa mapambo hasa. Kolembola wanaoishi juu, kwenye majani na magome, aghalabu wana rangi na macho. Wanaoishi chini zaidi ni weupe, na wengi hawaoni. Wafugaji wa ng'ambo hutafuta wale wa rangi. Kuna Bilobella braunerae wa Ulaya, wa rangi ya machungwa, na kuna wekundu kutoka Thailand ambao wamepewa jina la nchi hiyo. Wana mwili mnene wenye vinundu, hutembea polepole kama kifaru, na hawana ule uma wa kurukia kabisa. Hawazaani kwa haraka, hawapendi hamira sana, hutaka kuvu wa aina fulani na magome yaliyooza. Ndiyo maana bei yao iko juu ya wale weupe.

Habari hizi za bei zilimfikia binamu yangu, na hapo pakazuka mjadala uliochukua jioni nzima. Yeye alikuwa amesoma ile kesi ya sisimizi. Kwa ambaye hakuisikia: mnamo Aprili 2025 vijana wawili kutoka Ubelgiji walikamatwa katika kaunti ya Nakuru wakiwa na malkia wa sisimizi wapatao 5,000 waliotiwa ndani ya vichupa vyenye pamba. Walikuwa wale sisimizi wakubwa wavunaji wa mbegu za nyasi. Mkenya mmoja na raia mmoja wa Vietnam nao walishtakiwa kwa kupatikana na wengine wapatao 400. Tarehe 7 Mei 2025 mahakama ya Uwanja wa Ndege wa Jomo Kenyatta iliwatoza wote wanne faini ya shilingi 1,000,000 kila mmoja, au kifungo cha mwaka mmoja.

Binamu yangu hakuona kesi, aliona soko. "Kama sisimizi inanunuliwa hivyo," akaniuliza, "hizi zako zitaenda ngapi? Si tujaze chupa mia?" Simlaumu. Ana cheti cha kidato cha nne na hana kazi, na mtu anayekaa hivyo akisikia habari ya pauni za Ulaya hawezi kulala. Lakini nilimpinga, na ningempinga tena.

Kwanza, hesabu yenyewe haipo. Kolembola mweupe hana bei kwa sababu kila bustani ya Ulaya imejaa wake. Zile dola 10 ni za kopo, makaa, posta na kazi ya mwenye kuuza. Na yule wa rangi ana bei mradi tu hajazoeleka. Mfugaji wa kwanza akifaulu kumzalisha, wa pili na wa tatu hufuata, bei ikaporomoka. Aliyemchota msituni hapati kitu katika hayo yote. Malkia wa sisimizi bei yake hudumu kwa sababu ni vigumu kumzalisha ndani ya chupa, na hapo ndipo ubaya ulipo: kila anayeuzwa ametoka ardhini, na kila malkia aliyetolewa ni kundi zima ambalo halitakuwapo kusambaza mbegu za nyasi na kuchimbua udongo.

Pili ni sheria. Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya mwaka 2013 haikuandikwa kwa ajili ya ndovu na faru peke yao. Kesi ile ilituonyesha. Kuna pia Mkataba wa Nagoya wa mwaka 2010, ambao Kenya imo, unaosema kwamba faida itokanayo na viumbe vya nchi fulani sharti igawanywe na nchi hiyo kwa haki. Kufuga wachache kutoka kwa mboji ya nyumbani ili kujifunza ni kitu kimoja. Kuwafunga katika vichupa na kuwapeleka ng'ambo bila kibali ni kitu kingine.

Tatu, kiumbe mdogo akihamishwa hubeba lawama kubwa. Australia wanaye kolembola mmoja wa kijani aliyetoka Ulaya, Sminthurus viridis. Huko hula malisho na mimea michanga ya wakulima, na wanampiga dawa kila mwaka. Ni mmoja kati ya wachache sana katika jamii hii walio waharibifu, na tatizo lake ni kwamba yuko mahali pasipo pake.

Binamu yangu akaniuliza basi, maskini afanye nini? Nikamtajia Gede. Tangu mwaka 1993, katika Mradi wa Kipepeo chini ya Makavazi ya Kitaifa, wakulima wanaopakana na msitu wa Arabuko-Sokoke wamekuwa wakifuga vipepeo. Hutunza mayai na viwavi kwa majani ya msitu, kisha huuza pupa. (Pupa hapa ni kile kipindi cha kipepeo kulala kabla ya kuota mabawa, wala si pupa ya tamaa, ingawa maneno haya yamefanana kwa namna ya kuchekesha.) Pupa hao hupelekwa kwenye nyumba za maonyesho ya vipepeo Ulaya na Marekani, kwa njia iliyo wazi. Mkulima hupata fedha msitu ukiwa umesimama, kwani bila msitu hana majani ya kulisha. Tofauti kati ya Gede na vile vichupa vya Nakuru ni kwamba wa Gede huzalisha kwanza ndipo huuza. Hapo binamu yangu alinyamaza. Hakukubali, alinyamaza tu.

Mimi nawafuga kwa sababu nyingine. Katika maabara za ng'ambo, Folsomia candida hutumika kupima udongo wenye sumu: huwekwa ndani yake kwa siku 28, kisha watoto waliozaliwa huhesabiwa. Udongo ukiwa na kemikali watoto huwa wachache au hawapo. Sisi hapa, wa shule ya kutwa, maabara yetu ina darubini moja na foleni ndefu. Lakini makopo matatu ya siagi, kolembola kumi kumi katika kila moja, na udongo kutoka sehemu tatu, hayo hayahitaji foleni. Nimeshaanza. Kopo la kwanza lina udongo wa chini ya migomba, la pili wa shamba la mahindi lisilofunikwa na majani, la tatu wa kando ya gereji ambako hubadilishwa mafuta ya magari. Siku 28 hazijaisha ninapoandika haya, kwa hivyo matokeo nitayasoma katika kikao cha chama muhula ujao.

Mbegu ya kuanzia ninayo ya kutosha, wala siuzi. Atakayetaka aje na kopo lake lenye kifuniko na makaa aliyokwisha kuyaosha, siku yoyote isipokuwa Ijumaa, maana Ijumaa nina zamu ya kufagia darasa.